Hatua Kumi na Tisa Hadi Mezani

Kitambaa cha Meza ya Bwana katika kanisa letu kina urefu wa mita kumi na nne, na kwa miaka ishirini na miwili kimefuliwa na mikono yangu. Nakifua mara nne kwa mwaka, kila baada ya ushirika. Nakiloweka kwenye mtindi uliozimuliwa, nakichemsha kwenye pipa la shaba, nakisuuza mara tatu kwa maji ya mvua, halafu nakitandaza kwenye majani ya tuta la kuzuia bahari ili jua likitakatishe. Hapo huwezi kuondoka. Bata bukini wa jirani hawajui kitambaa cha kanisa ni nini.

Meza yenyewe ni ya watu arobaini. Mbao zake zinapangwa mbele ya mimbari, kutoka ukuta hadi ukuta, viti ishirini upande huu na ishirini upande ule. Watu wanaokaa ni tisa. Kanisani tuko zaidi ya mia tatu, na sisi wengine tunabaki kwenye mabenchi na kutazama.

Hatujakatazwa na mtu. Kila mmoja wetu alikiri imani ujanani, mbele ya wote, amevaa nguo nyeusi mpya. Lakini kwetu kukiri ni jambo moja na kula ni jambo jingine. Anayekula bila kustahili anajilia hukumu, hilo tumelisikia tangu tukiwa matumboni mwa mama zetu. Anayekwenda mezani anapaswa aweze kusema ni siku gani na mahali gani Mungu alisema naye. Wale tisa wanaweza. Mmoja alisikia akiwa anakamua ng'ombe. Mimi nimekamua ng'ombe wengi sana, na sijasikia kitu.

Na wako wanaokumbukwa. Adriaan wa kinu cha kusaga alikwenda mezani akiwa na miaka ishirini na minne, na miaka miwili baadaye akaonekana amelewa kwenye gulio, ameketi ndani ya toroli la mtu. Hayo yalitokea kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Adriaan mwenyewe alishazikwa, lakini mtoto yeyote hapa kijijini ukimuuliza habari za mtu aliyejiona mkubwa, atakuonyesha kaburi lake.

Kwa hiyo tunakaa nyuma, tunaona ni unyenyekevu, na mimi nilikuwa hodari wa kukaa nyuma kuliko wengi. Nilipomaliza shule nikiwa na miaka kumi na miwili, mwalimu alikuja nyumbani kumwambia baba kwamba ningeweza kuendelea. Baba alisema masomo niliyokwisha pata yananitosha. Nilikuwa jikoni namenya viazi, nikafurahi kusikia kwamba mimi ni mtu wa kutosheka.

Marinus, mume wangu, alikuwa hivyo hivyo. Mwenye shamba aliyemwajiri alipotaka kutuwekea pampu ya maji ndani ya nyumba, Marinus alisema ile ya uani inatosha. Nilijivunia jibu lake, nikaendelea kubeba ndoo juu ya barafu kwa miaka tisa. Tumbo lilipomshika Jumatano moja, alisema daktari ni wa wagonjwa. Alhamisi akasema hayo hayo. Jumamosi nilikwenda kumwita daktari bila kumwambia. Daktari akaja na gari lake, akamtazama, kisha akanitazama mimi, akauliza, "Mlikuwa mnangoja nini?"

Tulikuwa tunangoja maumivu yawe makubwa kiasi cha kustahili.

Jumapili kengele zilipolia Marinus alinishika mkono, akasema, "Leuntje, nimekaa nyuma mno." Nilimwambia apumzike. Jumatatu akafa. Imepita miaka minne, na bado natafuta jibu ambalo ningempa badala ya lile.

Sasa nieleze ya mwaka huu.

Jumatatu moja, wiki mbili kabla ya ushirika wa Septemba, mzee wa kanisa Izak Wisse aligonga dirisha langu, akaacha viatu vyake vya mbao mlangoni, akaingia na soksi. Izak ni mmoja wa wale tisa. Hatuna mchungaji wetu. Mmoja wa mbali hutujia kwa ushirika, na Jumapili nyingine Izak hutusomea mahubiri ya zamani. Ni mtu wa haki. Akiuza vitunguu, vilivyooza havifichi chini ya gunia. Nilimtilia kahawa, nikafungua kopo la biskuti, akachukua moja, nikalifunga.

"Bi Leuntje, kitambaa kiko wapi?"

"Sandukuni. Wiki ijayo nitakipiga pasi."

"Usikipige kwanza. Baraza la wazee limekaa." Alikunywa kidogo. "Tumeona meza ni ndefu mno."

"Urefu wake ni ule ule wa siku zote, Mzee Izak."

"Ndiyo, ila watu si wale wa siku zote. Hebu fikiri. Viti thelathini na moja vitupu! Mgeni akiingia atasema nini? Atadhani tumealika watu wakakataa."

"Na sivyo ilivyo?"

Aliweka kikombe chini. Mimi mwenyewe nilishtuka, kwa sababu sikuwa nimepanga kusema hivyo.

"Kiasi ni jambo jema," akasema polepole, kama anavyosoma mahubiri. "Tunanunua mkate, unabaki. Tunanunua divai, inabaki. Tunapanga mbao, tunapangua mbao. Baraza limeona meza ya watu kumi na wawili inatosha. Wale tisa, na nafasi ya watatu."

"Hao watatu ni akina nani?"

"Hakuna anayejua."

"Lakini baraza linajua kwamba hawatakuwa wanne."

"Bi Leuntje, acha utani." Lakini alitabasamu kidogo. "Kata kitambaa. Bakiza mita tano za katikati, upinde kingo. Vipande viwili vitakavyotoka shona taulo za chumba cha wazee, zile za sasa zimechakaa."

Nilisema kitani kile kilifumwa na bibi zetu, kila nyumba ilileta uzi wake. Akasema bibi zetu nao walikuwa watu wa kutumia kitu vizuri, wasingependa kitani kikae kinazeekea juu ya mbao tupu. Hapo alisema kweli.

Kisha akasema, akiwa amekwisha simama, "Kama kungekuwa na mtu mmoja tu wa kuongezeka, tungeiacha kama ilivyo. Lakini yuko wapi? Wewe utakwenda?"

Hakunidhihaki. Aliuliza kama unavyomuuliza mtoto mdogo kama kesho ataendesha treni.

Nikamjibu, "Mimi ni nani?"

Ndilo jibu letu. Kijiji kizima kinalijua, hata watoto. Izak akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akavaa viatu vyake akaenda. Nami nikabaki nimesimama katikati ya jikoni. Nilikuwa nimelisema jibu lile maisha yangu yote, na siku hiyo nikalisikia. Lilikuwa sauti ya baba yangu mlangoni pamoja na mwalimu, na sauti ya Marinus kuhusu pampu.

Kesho yake nilitoa kitambaa sandukuni na kukitandaza juu ya meza, juu ya kitanda na kupitia mlango hadi ukumbini, kwa sababu nyumba yangu ni fupi kuliko kitambaa. Nilichukua kipimo na chaki. Nimeshona tangu utotoni, na kabla sijakata nguo naiangalia upande wa nyuma, nione ina nguvu wapi.

Katikati, pale wanapokaa wale tisa, kitambaa kilikuwa kimechoka. Kulikuwa na madoa ya divai ambayo hayatoki tena, rangi ya chai nyepesi, na mahali nilipotia viraka vidogo. Lakini pande zile mbili! Kitani kilikuwa kizito na kizima kama kimetoka kwenye mtambo wa kufumia jana. Hapakuwa na doa, wala kovu la doa. Miaka ishirini na miwili nimezisugua pande zile, nimezichemsha, nimezilinda na bata bukini, na hazijapata kuwa na uchafu. Nilikuwa nafua kitu kisafi. Na sasa niliagizwa nikate kizuri nikifanye taulo, nibakize kilichochakaa.

Niliweka mkasi juu ya alama ya chaki. Nikaomba. Nilisema: Bwana, nina miaka hamsini na tisa, kama una neno nami, sasa ni wakati, maana nikishakata nimekata. Nikangoja. Nilisikia saa ya ukutani, na baadaye kidogo nikasikia muuza samaki akipita barabarani na mkokoteni wake.

Nikangoja tena. Muuza samaki akarudi.

Hapo nikaona jambo moja, nalo si maono, ni hesabu ya kawaida ambayo mtoto wa shule angeifanya. Hawezi mtu kutandika meza ya watu arobaini mara nne kwa mwaka, akaweka mkate na divai, halafu akasema hakuna aliyemwita. Mimi nimeitandika meza ile kwa mikono yangu mara themanini na nane. Ningetaka niitwe vipi tena?

Nikafuta chaki, nikaufunga mkasi ndani ya droo. Nilikuwa nimekata shauri.

Kitambaa kile hakipigwi pasi wala kukunjwa na mtu mmoja. Ijumaa ya wiki iliyofuata wifi yangu Jacomina, dada wa Marinus, alikuja kama kawaida kushika ncha ya pili. Jacomina haendi mezani. Mama yake hakwenda, bibi yake hakwenda, na hulitaja jambo hilo kama wengine wanavyotaja shamba la urithi. Tulisimama mbalimbali, mimi jikoni, yeye ukumbini, tukavuta kitambaa ili kinyooke. Alivuta mara moja, akaacha.

"Wifi, hiki hakijakatwa."

"Hakijakatwa."

"Izak alimwambia mume wangu kwamba umeshaambiwa."

"Nimeambiwa. Vuta."

Akavuta. "Utakata lini? Kesho ni Jumamosi."

"Sikati. Alisema kama yuko mtu wa kuongezeka meza itabaki ilivyo. Basi yuko."

"Nani?" Macho yalimng'aa, Jacomina anapenda kujua kitu kabla ya watu. "Ni mke wa mwokaji? Nilijua! Tangu mwezi wa tano anavaa kofia mpya kila Jumapili."

"Ni mimi."

Aliiachia ncha yake. Mita saba za kitani safi zikaanguka sakafuni.

"Okota, wifi. Sakafu nimeipiga deki lakini si kwa ajili hiyo."

Hakuokota. "Leuntje, Mungu alisema nawe lini?"

"Hajasema."

"Basi unakwenda mezani na nini?"

"Na miguu."

"Usinifanyie mzaha! Unakwenda kujilia hukumu, halafu unaleta mzaha?" Alikuwa amekuwa mwekundu uso mzima hadi kwenye utepe wa kofia. "Unajiona nani? Mimi nimekaa benchi lile miaka arobaini, sijathubutu. Kaka yangu hakuthubutu, na alikuwa mtu mwema kuliko wewe, samahani, lakini ndivyo ilivyo."

"Ni kweli. Alikuwa mwema kuliko mimi."

"Unaona sasa!"

"Naye alikufa akisema amekaa nyuma mno."

"Alikuwa na homa."

"Alikuwa na akili zake zote, Jacomina. Aliniuliza hata kama nimemlisha nguruwe."

Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "Ukienda, watu watauliza sisi wengine tumekosea nini. Watasema mama yangu alikosea. Umelifikiria hilo? Au unafikiria nafsi yako tu?"

Nilikuwa nimelifikiria. Nilimwambia sijui mama yake alikuwa na nini moyoni, wala si kazi yangu kujua. Ninachojua ni kwamba kitambaa hiki ama nikikate ama nikae mbele yake, na kukikata siwezi.

"Basi kikunje peke yako," akasema, akachukua shali yake. Mlangoni akageuka. "Jumapili usikae karibu nami."

"Benchi ni letu sote, wifi. Kodi yake tunailipa pamoja."

Nilikikunja peke yangu. Kilichukua saa mbili, na mikunjo haikunyooka.

Jumamosi saa nane nilikipeleka kanisani kwa toroli. Mbao za watu kumi na wawili zilikuwa zimeshapangwa. Nyingine ziliegemezwa ukutani. Nilizibeba moja moja, nikaziweka juu ya miguu yake, kutoka ukuta hadi ukuta. Mbao si nzito kwa mwanamke aliyeng'oa viazi vya kutengenezea sukari. Nikatandika kitambaa, nikapanga viti arobaini. Kisha, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunicheka, nilikwenda hadi benchi letu, nikarudi nikihesabu. Hatua kumi na tisa. Nilitaka kujua tu. Mtu akijua shimo lina kina gani anaruka vizuri zaidi.

Izak aliingia na kikapu cha vikombe, akasimama.

"Bi Leuntje, nilikuambia nini?"

"Ulisema akiwepo mmoja wa kuongezeka, meza itabaki."

"Na yupo?"

"Yupo."

Izak si mjinga. Niliona jinsi jambo lilivyomfikia taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye mfereji.

"Nilikuuliza siku ile," akasema, "ukaniambia wewe ni nani."

"Nilikujibu haraka mno, Mzee Izak."

"Una ushuhuda gani?"

"Sina."

"Hata mmoja? Hata ndoto?"

"Juzi niliota bata bukini."

Hakucheka. Alishusha kikapu, akakaa kwenye kiti kimojawapo, akapangusa paji la uso. "Siwezi kukuzuia. Ulikiri imani, mwenendo wako hauna lawama. Lakini nakwambia kama ndugu, watu wataliongelea jambo hili hadi watakapokuzika."

"Wataongea. Na nisipokwenda watanizika vilevile."

Akatoka. Mbao hakuzigusa.

Jumapili nilivaa nguo nyeusi, kofia nyeupe na shanga za mama. Jacomina alikuwa amekaa mahali pake, nami nikakaa pangu, karibu naye. Kila Jumapili Jacomina huleta peremende, hunipa moja kila mahubiri yanapoingia sehemu mpya, na sehemu ni tatu. Jumapili hiyo alizila zote mwenyewe. Nilimsikia akizivunja kwa meno.

Mchungaji mgeni alikuwa kijana mwenye mafua. Alisoma maonyo marefu juu ya wasiostahili: waongo, wagomvi, wenye tamaa. Nikajipima kwa kila neno, nikajiona humo mara nyingi. Halafu akasoma maneno mafupi ya faraja, kwamba meza hii haikutandikwa kwa ajili ya wakamilifu. Maneno hayo yamo siku zote, yanasomwa mara nne kila mwaka. Kwetu watu huinamisha vichwa kwa maonyo, na faraja ikianza hawasikilizi, wanatafuta vitambaa vya mkononi.

Kisha zaburi ikaanza, polepole, sauti moja ndefu juu ya sauti nyingine. Wakati wa kwenda mezani ni wakati wa wimbo. Zaburi ikiisha, meza imefungwa. Wale tisa waliondoka mmoja mmoja, wazee, magoti yakilia. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza.

Nilijaribu kusimama, sikuweza. Miguu niliyomtajia Jacomina kwa majivuno haikuwepo. Nilifikiri, bado ubeti mmoja. Nikafikiri, Desemba pia kuna ushirika. Nikafikiri, hakuna aliyejua ila Izak na Jacomina, na wote wawili wangefurahi. Lilikuwa wazo tamu sana, nalitaja kwa sababu ni kweli. Lilikuwa tamu kama kurudi kitandani.

Ubeti wa tatu ulipoanza nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili, nikajivuta juu.

Jacomina akanishika sketi.

Hakusema neno, alikuwa anatazama mbele, anaimba, lakini ngumi yake ilikuwa imekunja kitambaa cha sketi yangu pajani, na ilikuwa ngumi ya mtu aliyefunga miganda maisha yake yote. Niliteremsha mkono, nikamfungua kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Kidole gumba kiliachia chenyewe.

Hatua za kwanza nilihesabu. Nilipofika saba, wimbo ulipungua sauti, kwa sababu watu wa mabenchi ya mbele waliacha kuimba ili watazame. Nilipofika kumi na moja walikuwa wanaimba watoto na viziwi tu. Nikaendelea. Mchungaji alikuwa amenionyesha kwa mkono kiti karibu na wale tisa, katikati. Nikakunja kushoto, nikaenda hadi mwisho kabisa, karibu na ukuta, upande ambao ungekuwa taulo. Nikavuta kiti. Kililia kwenye sakafu ya mawe. Nikakaa.

Zaburi ikaisha. Mchungaji akamega mkate, sahani ikapita mikononi mwa wale tisa. Kwetu walio mezani hubana chembe kwa ncha za vidole, kiasi cha kumlisha ndege mdogo, wasije wakaonekana wana njaa. Sahani ilipofika kwa mwisho wao haikuwa na mtu wa kuipokea. Kati yake na mimi kulikuwa na viti vitupu saba.

Izak alisimama. Ndiyo kazi yake, mzee hupeleka sahani. Alikuja na sahani mikononi, kiti baada ya kiti, soli zake zikigonga, akafika, akainama.

"Chukua," akanong'ona.

Nilichukua kipande kizima. Si chembe, kipande, kama kilivyokatwa. Sikufanya hivyo ili nionekane. Nilifikiri tu kwamba mtu aliyengoja miaka arobaini hawezi kuja kubana makombo. Lakini nilikuwa sijafikiri juu ya kutafuna. Mkate ulikuwa wa jana na mdomo wangu mkavu, na watu mia tatu wakanisikia nikitafuna, taya juu, taya chini, muda mrefu. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Kisha kikombe kikaja, nikanywa funda moja la kweli.

Sikusikia sauti, na machozi hayakunitoka. Kitu pekee ninachoweza kushuhudia ni kwamba niliangalia mikono yangu juu ya kitambaa kile, na kwa mara ya kwanza sikuwa nakitafutia doa. Nilikuwa nimekaa. Hofu ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekaa nami mezani, haikuwa inanishika kutoka nyuma.

Baada ya ibada Izak alinikuta kwenye chumba cha wazee, nikifunga mkate uliobaki.

"Baraza litakaa tena," akasema.

"Likae."

"Haliwezi kuacha meza ya watu arobaini kwa sababu ya mtu mmoja."

"Si ya mtu mmoja. Ni ya hao thelathini ambao hawajaja. Na mkiamua vingine, Mzee Izak, mtafute mkono mwingine wa kushika mkasi."

Alikuna shingo. "Kule mwisho ni mbali. Nina miaka sabini na miwili."

"Viti vya katikati yetu vikijaa, utapunguziwa safari."

Safari hii alicheka kidogo kwa puani, akatazama nyuma kuona kama mchungaji amesikia.

Njia ya nyumbani inapita juu ya tuta. Upepo ulikuwa unatoka magharibi, unavuruga kofia. Jacomina alinitangulia hatua kumi, amejifunga shali, hakutazama nyuma. Watu walinipita. Wawili walinisalimu. Mke wa mwokaji alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza bei ya kitu, kisha akaenda. Palipogawanyika njia, Jacomina akasimama, mgongo ukinielekea.

"Ulitafuna," akasema.

"Nilitafuna."

"Mpaka benchi la mwisho walisikia. Niliona aibu kana kwamba ni mimi."

"Mkate ulikuwa mkavu, wifi. Mwokaji alikausha."

Upepo ukapita kati yetu. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na pale? Ulisikia kitu pale?"

Ningeweza kumdanganya. Ingekuwa rahisi, na angefurahi, angekuwa na la kuwaambia watu.

"Hapana. Nilikula tu."

Akageuka. "Basi ulikwenda na kiburi. Unakubali? Hukuitwa, ulikwenda na kiburi chako."

"Inawezekana ninacho," nikamwambia. "Desemba nitakwenda nacho tena. Nikibaki nacho nyumbani, nani atakiondoa?"

Akashuka kwenye njia yake taratibu, na mara mbili nikamwona amesimama kama mtu aliyesahau kitu. Sikumwita. Nikashika njia yangu, kwa sababu viazi vilikuwa vimemenywa tangu jana, na nilikuwa na njaa.